Jirani wa Unga Usiochekechwa

Jirani yangu hakuwahi kuuamini mkate mpaka augonge. Aliutoa kwenye sufuria kwa kitambaa, akaupindua, akaugonga tumboni kwa kifundo cha kidole cha kati, kisha akasikiliza huku amefumba macho. Ukilia kama mlango wa nyumba yenye watu, alisema, bado mbichi ndani. Ukilia kama mlango wa nyumba iliyohamwa, umeiva. Mimi nilisimama nyuma yake nimebana pumzi, mwanamke mzima wa kidato cha nne, nikingoja kama siku ile matokeo yalipobandikwa ukutani shuleni.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe alisema jina la mtu si chumvi, halitiwi kila chungu. Ukoo wake pia siwezi kuueleza. Mjini Tabora ukianza kuuliza nani katoka wapi, utafika Ujiji kabla chai haijachemka, na wengine utawafuata mpaka Maskati. Kwangu alikuwa jirani, basi. Nyumba yake na yetu, pale Gongoni, ziligawana ukuta wa uani, mfupi kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakujibu.

Tuligawana ukuta, hatukugawana tabia. Yeye alitoka kila siku: sokoni, msikitini, msibani, kwa wagonjwa. Mimi ni mtu wa ndani. Enzi zile za Ujamaa wenzangu walikwenda shamba la pamoja wakiimba. Mimi nilikwenda mara mbili, mara ya pili nikajikata mguu kwa jembe langu mwenyewe, na kiongozi wa shamba akaniambia kwa upole kwamba taifa litanihitaji zaidi nikiwa nyumbani.

Kilichonipeleka kwake ni ugonjwa wa mume wangu. Alikuwa gadi wa treni, Reli ya Kati, leo Dodoma, kesho kutwa Kigoma. Alianza kukonda, akawa anaamka kila mara kwenda msalani. Hospitali walichukua mkojo wake, wakauchemsha na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali mbele ya macho yetu. Sukari. Daktari akatoa vidonge, akasema chai bila sukari, mkate mweupe mwiko, ale nafaka na pumba zake. Sukari ikiachiwa, akasema, huanza na macho, ikaja kwenye miguu. Gadi bila macho wala miguu ni abiria.

"Dona nitakula nyumbani," mume wangu akamwambia. "Kule kwenye behewa nani atanisongea ugali, dereva?"

Ndipo daktari akasema mkate wa ngano nzima. Alisema kama mtu anayesema vuka barabara. Mkate wenyewe mweupe tuliupanga foleni tangu alfajiri na mara nyingi tukarudi na mikono mitupu. Huo wa ngano nzima hakuna duka lililoujua. Na treni ilikuwa inaondoka Alhamisi.

Nikaenda ukutani nikaita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umeuona mlango?"

"Nimeuona ukuta, Bibi. Nataka kujifunza mkate wako ule mweusi."

Alikwisha kujua kuhusu mkojo. Gongoni habari hazichelewi kama treni. "Siku tatu njiani," akasema. "Usiote ukungu, usimpe kiungulia, na aushibe. Hutaujua kwa Alhamisi hii. Hii nitamwokea mimi."

Alioka kwa woga. Sijui niseme vipi. Watu wengi wakishazoea kazi, mkono hutulia. Wake haukutulia kamwe, na labda ndiyo maana mkate wake haukukosea. Ngano ilitoka Kwihara, kwa mzee mmoja mwenye vijaruba bondeni, mbegu iliyobaki tangu Waarabu wa misafara. Mzee aliileta kwa baiskeli. Jirani aliichagua kwenye ungo punje kwa punje, akaiosha, akaianika, akakaa kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku, hata siku ambayo kuku wote walikuwa wamefungiwa. Mashineni alisimama karibu kabisa na mdomo wa kutokea unga, kwa sababu msagaji alipenda kubakiza pumba za kuku wake.

"Acha hizo," alimwambia mbele yangu. "Kuku wako wanaumwa sukari?"

Unga haukupita kwenye chekeche. Nyumbani kwake chekeche lilikuwapo, lakini alilitumia kufunikia maziwa. Alisema unga huu una kiu ya mtu aliyefunga: hunywa polepole, unadhani umetosheka, kisha unadai tena. Kwa hiyo ukishautia maji usikande. Ondoka. Nenda kaswali, nenda kafue, ukirudi uongeze maji ndipo ukande. Mimi ningepima na kuandika: vikombe vinne, kikombe na robo, dakika thelathini. Daftari langu la sayansi kimu la shule lilikuwa na kurasa nyingi tupu, nikaona limepata kazi.

"Daftari linaumuka?" aliniuliza.

"Haliumuki, Bibi."

"Basi lifunge, shika unga. Gusa ndewe ya sikio lako. Donge liwe hivyo."

Hamira ya dukani ilikuwa ikipotea miezi. Yeye hakuijali. Alikuwa na chachu yake, donge la unga mchachu katika bakuli la udongo lenye mfuniko, analilisha unga na maji kila baada ya alasiri. Alipokwenda msibani Nzega alilipakata ndani ya basi njia nzima, akiwaambia watu wasimsukume ana mgonjwa. Abiria mmoja akauliza mgonjwa anasumbuliwa na nini. "Tumbo limejaa gesi," akajibu, na hakudanganya.

Tanuri hakuwa nalo. Sufuria ndogo ndani ya kubwa, mchanga katikati, bati juu, makaa juu ya bati. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu wa chini una hila, hauonekani. Alikataza kufunua kabla ya wakati. "Ukichungulia, unanywea." Kisha nikiingia ndani kuchukua maji nilimwona kwa tundu la mlango ameinua bati kwa koleo, anachungulia, anaomba dua, anafunika.

Mkate wangu wa kwanza mume wangu aliuweka mezani ukalia. Akasema tuupeleke kijijini wanakojenga zahanati, wamepungukiwa tofali. Wa pili uliumuka upande mmoja. Wa tatu sitaueleza. Kila Alhamisi ilipokaribia nililala vibaya, nikihesabu stesheni kichwani, Malongwe, Tura, Itigi, na katika kila moja nikiona mandazi ya moto na chai ya vijiko vinne vikimsubiri dirishani.

Ngoja niseme na hili: mwenyewe hakuula mkate. Alisema humkaa kooni. Chakula chake kilikuwa ugali wa muhogo na dagaa wa Kigoma, asubuhi hata jioni, na mikate ile yote alioka kwa ajili ya watu wengine. Nilimuuliza anajuaje utamu wa kitu asichokila. Akasema mkunga hazai kila mtoto anayempokea.

Aliogopa vitu vingi. Radi ikipiga alifunika kioo kwa kanga na kutuamuru sote tuvue bangili. Alirudi mara tatu kutikisa kufuli ya mlango aliokwisha kuufunga. Jongoo akiingia ndani alituma habari ukutani nije nimtoe, mimi ambaye nilikuwa natoka kwa ajili ya jongoo tu. Lakini siku balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kwa nini hakuonekana shamba la pamoja, hakutetemeka hata kidogo.

"Naoka," alisema.

"Bibi, kila mtu ana kazi yake nyumbani."

"Hii si ya nyumbani kwangu. Ni ya yule gadi. Akianguka yule, treni itakayowaletea viongozi wenu itapungiwa bendera na nani?"

Balozi alicheka mpaka akavua kofia. Alionjeshwa kipande, akatafuna kwa muda mrefu kama watu wanavyoutafuna mkate ule, na baada ya siku chache akarudi na wazo. Ngano ya kwetu, chachu ya kwetu, makaa ya kwetu; kama huku siko kujitegemea, ni kupi? Jirani awe mwalimu. Hivyo kila Jumatano wakaja wanawake sita barazani kwake kujifunza, nami wa saba, mwanafunzi mkongwe. Jirani alinunua doti mpya ya kanga kwa ajili ya darasa lile. Hakusema amefurahi. Alisema kanga ya zamani inashika moto upesi.

Sasa nifike kwenye asali.

Mwezi wa tatu wa kujifunza, mkate wangu uliumuka sawasawa. Niliugonga, ukaitika kama nyumba iliyohamwa, Jirani akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwake hiyo ilikuwa sherehe. Nikamfungashia mume wangu. Akarudi baada ya siku tatu, nikafungua kopo lake la chakula, mkate umebaki zaidi ya nusu.

"Mchungu, bibie," akasema. "Nakula kama natumikia adhabu. Wa Jirani una nini ambacho wako hauna?"

"Ulikula nini badala yake?"

Akaanza kufungua viatu. Nikajua: mandazi ya stesheni.

Kwetu Tabora asali haikosekani ndani. Imetoka porini kwenye mizinga, imeletwa kwa debe, tunailamba tungali wachanga, tunapaka walioungua, tunawapa wenye kikohozi. Sukari ni kitu cha foleni, kitu cha kiwandani. Asali ni dawa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akiviweka vitu viwili hivi katika sentensi moja. Jirani alikuwa amesema, "Sukari hata chembe," na kuhusu asali hakusema lolote. Sikumuuliza. Nisingoje mtu aniulize kwa nini: nilijua angejibu kwamba katika donge lile hakiingii kitu ila chumvi, nami sikutaka kulisikia jibu hilo.

Nilianza na vijiko viwili. Kopo likarudi tupu. Nikafika nusu kikombe.

Alianza kuusifu mkate wangu mbele ya wenzake. Akataka miwili kwa safari. Jirani aliona nimenawiri, akaniambia, "Naona mkono umefunguka," nami nikapokea sifa ile kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha wizi bila kuuliza kimetoka wapi. Mume wangu alikuwa anakunywa maji kwa mtungi. Nikajiambia ni pumba zile zenye kiu, zimehamia tumboni. Hivyo ndivyo msomi anavyofikiri akitaka kulala usingizi.

"Mumeo anakunywa maji sana," Jirani alisema siku moja juu ya ukuta.

"Joto, Bibi."

Ilikuwa majira ya kipupwe.

Mume wangu alianguka Tura, wiki aliyobadilishana zamu na mwenzake. Alishuka na bendera mkononi, akakaa chini kwenye changarawe, hakuinuka. Mkuu wa stesheni akapiga simu ya reli, na ujumbe ukatufikia Jumatano mchana, darasa likiwa limejaa barazani kwa Jirani, mimi nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Walimrudisha Tabora kwa treni ya mizigo. Nilimwona akipitishwa kwenye machela, midomo imekauka, ananiangalia bila kunijua.

Wanawake wote walitufuata hospitali, Jirani akiwa mbele. Pale uani, chini ya dirisha la wodi, alikuwa ameshika kopo la chakula la mume wangu. Sijui nani alimpa. Alitoa kipande cha mkate, akakishika kati ya vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "umetia nini humu?"

Wanawake sita walikuwa wananitazama. Ndani mume wangu alikuwa anapumua kama bomba linalovuja. Nikasikia sauti ikisema, "Kama ulivyonifundisha, Bibi." Ilikuwa yangu.

Alinitazama. Akakitazama kipande. Kisha akawageukia wenzangu na kusema, "Basi kosa ni la mkono wangu," akakaa chini kwenye ngazi.

Jioni ile ile daktari aliniuliza tena anakula nini, nikamwambia yote, yeye peke yake, kwenye korido. Hakufoka. Alisema, "Mama, asali ni sukari iliyovaa kanzu." Kwa hiyo usiniambie sikujua. Tangu jioni ile nilijua, na kutoka hospitali mpaka kwa Jirani ni mwendo wa mtu kumaliza kikaratasi kimoja cha karanga.

Mume wangu alipona, akapungukiwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Baada ya miezi minne alirudi kwenye treni, anachechemea, na mkate wa chumvi tupu ndani ya kopo, akiula wote bila kulalamika. Alishaogopa. Nami niliuoka kila safari, mchungu kama ulivyo, na ulimtunza. Rangi ya tofali haikurudi.

Lakini Jumatano iliyofuata kuanguka kwake hakuja mwanafunzi hata mmoja barazani kwa Jirani. Mmoja wa wale sita, wa mtaa wa Isevya, alisema sokoni kwamba mkate ule umeua mtu, na wakati huo mtu mwenyewe alikuwa kitandani anagombana na redio. Balozi alilihamisha darasa kwa bibi maendeleo aliyekuwa na cheti, akawafundisha skonzi za unga mweupe siku unga ulipopatikana. Sufuria kubwa ya Jirani ikageuzwa juu chini uani, kuku wakawa wanaipanda. Doti ile ya kanga sikuiona tena.

Chachu yangu mimi ilikufa mara kwa mara, sina mkono wa kulea. Kila ilipokufa, kikombe kilitokea juu ya ukuta kimefunikwa na jani la mgomba, ndani mna donge jipya. Hakuita. Nami nilikipokea nikisema, "Asante, Bibi," na moyo ukinipiga kama mdaiwa aliyekutana na mwenye haki yake.

Niliipanga hotuba ya kukiri mara nyingi. Niliisema mbele ya unga, unga ukanisikiliza vizuri. Nilisema nitakwenda baada ya Ramadhani, nisimharibie mfungo. Baada ya Ramadhani nikasema baada ya mvua. Mvua za Tabora huisha; nikatafuta kingine. Nilimwogopa zaidi ya yeye alivyoiogopa radi. Miaka minne ikapita hivyo.

Kisha miguu yake ikavimba, na ndugu zake wa mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo mjini, wakaja kumchukua. Ukuta ukanyamaza. Chachu yangu ilipokufa tena, nilisimama pale uani nikingoja kikombe kama mjinga, mpaka nikajionea aibu. Nikavaa viatu nikaenda.

Alikuwa uani, kwenye kitanda cha kamba, amelazwa kivulini, mchana wa jua kali. Amekuwa mdogo. Nikasalimu, akaitikia. Nikakaa kwenye kigoda na mikono yangu ikakosa kazi.

"Bibi," nikasema, "ule mkate. Asali niliitia mimi. Hukunifundisha wewe."

Hotuba yote ya miaka minne ikawa imekwisha.

Hakushtuka. Alinyoosha kanga magotini pake. "Najua," akasema. "Mkate wa chumvi haugandi kidoleni. Kipande kile kilininata mbele yako."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuumbua mbele ya wale wanawake, mume yuko kwenye machela, ungeshika unga tena wewe? Nakujua. Ungejifungia ndani mpaka leo. Yeye angerudi kwenye mandazi, na tungekuwa tumeshamzika." Akajiinua kidogo kitandani. "Mimi nilikuwa na darasa. Yeye alikuwa na roho moja."

Nililia. Hakunibembeleza.

"Lakini nilikungoja, msomi. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili. Nikasema kesho atakuja. Mwaka wa pili nikasema labda anaandika daftarini kwanza."

"Nisamehe, Bibi."

"Kwa upande wa mumeo nilikusamehe zamani, kwa kuwa uliendelea kuoka. Kwa upande wangu, bado." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Wale sita, wangapi wako hai?"

"Wote, Bibi."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Basi unakaa hapa kufanya nini? Nyanyuka. Anza na yule wa Isevya, ndiye aliyenisema sana."

Nilikwenda kwa miguu, jua utosini, na hofu njia nzima. Yule mama wa Isevya alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Alinikaribisha, akaendelea kupepeta, nami nikamweleza nikiwa nimesimama: vijiko viwili, nusu kikombe, uani hospitali, maneno niliyosema na aliyoyasema Jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Naye alikaa nalo miaka yote hii?" akauliza.

"Alikaa nalo."

Akaweka ungo chini, punje nyingine zikamwagika, hakuziokota.

"Umemwacha yuko macho?"

"Yuko macho."

"Basi ningoje nijitande," akasema, akaingia ndani kutafuta kanga.